Alama Nyekundu kwenye Bano la Dishi

Simu ya nyumbani kwa Kiyumars Veysi ililia saa nane mchana, siku ya Jumatatu, naye kama kawaida yake akaiacha ilie mara nne. Zamani alikuwa akiirukia. Lakini tangu siku ile alipotia saini ahadi kituo cha polisi, kila kengele ilimkata maini, iwe ya simu, ya mlango, au hata ya baiskeli ya muuza maziwa.

"Halo."

"Mhandisi Kiyumars?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye adabu nyingi mno.

"Hapa hakuna mhandisi, bwana. Umekosea namba."

"Dishi langu halitoi picha. Naomba uje uniangalizie."

"Mimi natengeneza redio. Redio na pasi za umeme, basi. Mambo ya dishi siyajui hata kidogo."

Yule mtu akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mhandisi, hapa mkononi nimeshika bano. Shingoni lina alama nyekundu, ya rangi ya kucha. Sasa niambie, nimekosea namba?"

Kiyumars akakaa chini palepale kwenye zulia. Alisikia jasho jembamba likimtambaa mgongoni, na aliposema "Nipe anuani," hakuijua sauti yake mwenyewe.

Ile alama nyekundu, jamani, ndiyo iliyomponza. Mafundi wa dishi kwetu Kermanshah, magharibi mwa Iran, walikuwa wengi miaka ile, na wengi wao walikuwa matapeli watupu. Anakupandia juu ya paa, anakuwekea jicho, ile pembe ndogo inayokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi, analibana kwa bano la chuma, anakaza boliti nusunusu, picha inakaa wiki moja, kisha upepo wa kutoka milimani ukipita mara moja unabaki na chenga tupu kwenye kioo cha televisheni. Kiyumars hakuwa hivyo. Alijifunza mawimbi vitani, akiwa mpiga simu wa jeshi, mahali ambapo waya ukilegea watu wanakufa, na alirudi na tabia ya kukaza boliti mpaka meno yamuume. Akimaliza kukaza, anatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha alichomwibia mkewe Mahbanu, anapiga mstari mmoja unaovuka boliti na bano kwa pamoja. Mstari ukivunjika, boliti limelegea. Ukiwa mzima, kazi iko palepale alipoiacha. Na sisi wateja wake, kwa kuwa madishi serikali imeyapiga marufuku, tukisikia kikosi cha polisi kinapita kwenye mapaa kuyanyang'anya, tunashusha dishi, tunalificha ndani ya kasha la kipoza hewa kibovu, na kesho yake tunalirudisha kwa kulinganisha ile mistari, bila kumsumbua mtu.

Mahbanu alimpigia kelele tangu zamani. "Wewe mwanamume una wazimu? Mwizi gani anaacha jina lake mlangoni?"

"Hilo si jina. Ni mstari tu."

"Mstari! Mji mzima nani mwingine anapaka dishi rangi ya kucha?"

Naye anacheka. Kiburi cha kazi kilimpofusha, ndivyo ninavyosema mimi, na sisemi kwa kumchukia. Hata mimi dishi langu lilikuwa na mstari, na nilikuwa nikiuonyesha kwa wageni.

Basi mwaka mmoja kabla ya simu ile polisi walimkamata juu ya paa la mwoka mikate, spana mkononi. Wakampiga picha, wakamwandikisha ahadi: akionekana tena na dishi, atafungwa. Kufungwa alikuwa tayari kufungwa. Kilichomnyima usingizi ni binti yake, Shilan. Shilan alikuwa amefaulu mtihani wa ualimu wa shule ya msingi, wa tatu kwa alama katika mkoa, na lililobaki lilikuwa uchunguzi. Sote tunaujua uchunguzi. Watu wawili wenye ndevu fupi wanakwenda kwa muuza mboga na kuuliza: huyu binti anajistiri? Baba yake ni mtu wa namna gani? Kisha kituo cha polisi kinatoa hati ya tabia njema ya familia. Hati hiyo ilikuwa inatakiwa Jumamosi, siku tano tu tangu simu ile ilipolia. Baba akikamatwa katika siku hizo tano, miaka minne ya chuo cha mtoto imekwenda na maji.

"Usiende," Mahbanu alisema. Uso ulikuwa umemgeuka rangi.

"Nisipokwenda watakuja. Wana bano langu, wana namba yangu. Heri waniokote huko kuliko kuja kuniburuta hapa mbele ya Shilan na majirani."

Akavaa koti safi. Spana akazifunga ndani ya taulo kama mtu anayekwenda bafu la mtaa. Kichupa chekundu alikitoa mfukoni, akakiangalia, akakifukia ndani ya gunia la mchele.

Ile nyumba ilikuwa na ghorofa tatu, nyuma ya kinu cha unga. Alipanda ngazi akihesabu viatu vilivyovuliwa milangoni. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa na viatu viwili tu: vya kitambaa vya mwanamke mzee, na mabuti meusi ya kazi yaliyong'arishwa. Alipoyaona yale mabuti alitamani kugeuka. Mlango ukafunguka kabla hajageuka.

"Karibu, Mhandisi. Nyumba ni yako."

Alikuwa Kapteni Jalilvand. Amevaa pajama na fulana, taulo begani, lakini uso ulikuwa uleule aliouona kituoni mwaka jana nyuma ya meza. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha mapaa.

"Ingia, ingia. Mbona unatetemeka? Nje kuna baridi?"

"Ni ngazi tu, Bwana Kapteni. Umri."

Alimkalisha, akamletea chai na biskuti za mchele, akammenyea tango kwa mkono wake na kulitia chumvi. Kiyumars aliweka donge la sukari mdomoni, akasahau kunywa chai, likamyeyukia ulimini. Alingoja pingu. Badala yake kapteni akavuta gunia kutoka nyuma ya mlango na kumwaga vilivyokuwamo juu ya zulia: macho ya dishi, mabano, waya, ving'amuzi vinne.

"Mwezi huu nimeshusha madishi arobaini na moja," kapteni alisema. "Ishirini na sita yana mstari mwekundu. Vijana wangu wanakucheka, wanasema huyu fundi anayaposa. Mimi nilisema, huyu ni mtu anayeheshimu kazi yake." Akanywa chai. "Nimejaribu kujifungia mwenyewe, sipati kitu. Vitu havilingani. Hili jicho haliingii kwenye bano hili, king'amuzi hiki kinasema hakuna mawimbi. Nifungie moja. Ni la mama."

Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti ya kizee. "Amekuja yule wa picha?"

"Amekuja, mama."

Bi Khavar alikuwa amelala kitandani, mwili upande mmoja umekufa tangu majira ya baridi. Kifarsi cha televisheni ya serikali hakukijua vizuri. Alitaka kusikia Kikurdi cha kwao, cha milimani, na hicho kilikuwa kikitoka ng'ambo ya mpaka, kwenye stesheni ambayo mwanawe alikuwa akiwafunga watu kwa kuitazama. Loo! Kiyumars alimtazama yule bibi, akamtazama kapteni, na hofu ikazidi badala ya kupungua. Mtu anayekuonyesha siri yake hana nia ya kukuacha uende zako.

Akapiga magoti kwenye zulia kuchagua. Na hapo ndipo mikono ilipoanza kumwuma, kwa sababu alivijua vyote. Jicho lile lenye kifuniko cha kopo la mtindi kilichofungwa kwa gundi lilikuwa la Bi Tuba, mjane wa uchochoro wa Chemchemi. Kile kifuniko alikifunga yeye, mvua isiingie mdomoni. Bano lile nene, alilolitengeneza kwa kishikio cha kiti cha baiskeli, lilikuwa la mwoka mikate. King'amuzi chenye ufa pembeni kilikuwa cha mwalimu mstaafu, aliyekilipia kwa kuuza saa ya ukutani. Bi Tuba alinyang'anywa mwanzo wa mwezi, akalia mpaka akauza zulia dogo la mahari yake apate jingine, maana jioni zake zote, mumewe akiwa kaburini na watoto Ujerumani, ni ile picha. Wiki iliyopita tu Kiyumars alimfungia hilo jipya, na akapiga mstari.

"Unavitambua?" kapteni aliuliza.

"Hapana, bwana. Vyote vinafanana."

"Eti vinafanana," kapteni alisema, akatabasamu.

Kazi ni kazi. Dishi lililokuwa limefichwa juu ya paa, ndani ya kasha la kipoza hewa, lilikuwa bapa, halina kina. Jicho la mdomo mdogo kwenye dishi bapa huona hadi nje ya ukingo, likaokota joto la ukuta na la ardhi, picha ikajaa kelele. Lilitaka jicho la mdomo mpana, lenye kuangalia dishi lenyewe na si kingine. Kwenye gunia zima lilikuwamo moja tu la namna hiyo, la Bi Tuba. Aligeuza yale mengine mara mbili, mara tatu, akitafuta hata linalokaribia. Hakupata. Akalichukua lenye kifuniko cha mtindi. Shingo yake ilikuwa nyembamba kwa bano la mwoka mikate, akaizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka ikakaa. Vile ving'amuzi vitatu vya zamani havikujua kuliamrisha jicho la namna ile, akachukua chenye ufa.

Juu ya paa alikaza boliti kama alivyozoea, mpaka meno yakamwuma. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe kutafuta kichupa, ukarudi mtupu. Chini, Bi Khavar akapiga kelele za furaha. "Anaimba! Huyu anaimba kwa lugha ya kwetu! Mungu akupe maisha, mwanangu!" Ukisikia bibi kizee analia vile, hata kama roho yako iko kooni, utafurahi kidogo. Kiyumars alifurahi kidogo.

Aliposhuka, kapteni alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu. Akamshika bega.

"Mhandisi, sema. Nikupe nini?"

Sasa sikiliza. Kwetu fundi akiulizwa hivyo hataji. Anasema haina thamani mbele yako. Unamwuliza tena, anakataa tena. Mara ya tatu ndipo anainamisha kichwa na kusema anachotaka. Anayetaja mara ya kwanza hana malezi. Tumezaliwa nayo hiyo, inatoka mdomoni kabla akili haijaamka. Na Kiyumars alijua anachotaka. Alikitaka tangu alipomtambua kapteni mlangoni: hati ya Shilan, ambayo mkono uliokuwa begani mwake ndio ambao ungeitia saini.

"Haina thamani mbele yako, Bwana Kapteni," akasema.

"Hapana, hapana. Sema. Neno lako moja tu."

"Afya yako inanitosha. Kivuli chako kisituondokee."

Neno la binti yake lilikuwa limefika kwenye meno, linangoja swali la tatu tu.

"Basi Mungu akubariki," kapteni alisema. Akafunga mlango.

Kiyumars alibaki amesimama juu ya ngazi kama mtu aliyeachwa na gari. Aligusa ule mlango kwa ncha za vidole. Kubisha hakuweza. Mtu anabisha na kusema nini? Kwamba nilipokataa nilikuwa sikatai?

Mahbanu aliposikia alijipiga kifua. "Mara mbili? Amekuuliza mara mbili na wewe umesema afya?"

"Nilingoja ya tatu."

"Polisi anauliza mara ya tatu? Ole wangu! Mtoto wetu umemwuza kwa adabu!"

"Fanya taratibu, atasikia."

Shilan alikuwa chumba cha pili, anajisomea kwa sauti mashairi atakayowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Hakujua lolote. Wiki nzima Kiyumars alishindwa kula mbele yake. Aliota mabuti. Jumanne muuza mboga alimwambia wale wenye ndevu fupi walipita, wakaandika sana, hawakucheka hata mara moja.

Jumatano upepo uliamka. Ulikuwa ule upepo wa vuli unaong'oa mabati, na Kiyumars alikaa dirishani akiusikiliza kwa matumaini yaliyomtia aibu. Picha ikipotea, kapteni atapiga simu. Akipiga simu, ataitwa. Akiitwa, ataulizwa tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya ufundi alimwomba Mungu kazi yake iharibike. "Ya Rabi, boliti moja tu," alisema. "Moja tu lilegee." Upepo ulivunja mti mbele ya msikiti, ukaangusha ukuta wa mwoka mikate. Simu haikulia. Alhamisi haikulia. Alikuwa amekaza mno, mpumbavu yule, alikuwa amekaza kama anavyokaza siku zote.

Ililia Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Aliirukia kwa mlio wa kwanza.

"Mhandisi," sauti ya adabu ilisema. "Upepo wote ule, na picha haikutikisika. Mama anakuombea dua kila swala."

"Ni wajibu wangu, bwana."

"Lakini amenigombeza. Alitusikia pale mlangoni. Anasema nimekutoa nyumbani mwangu kama mshenzi, sikukuuliza mara ya tatu. Basi nakuuliza."

Kiyumars akafumba macho. "Bwana Kapteni, nina binti."

"Najua. Shilan Veysi. Faili lake liko mbele yangu tangu Jumapili."

Tangu Jumapili! Simu ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Hakuokotwa kwa bahati wala kwa mstari mwekundu peke yake. Yule mtu alikuwa na faili mkononi wakati anammenyea tango.

"Kuna mahali panauliza kazi ya baba," kapteni alisema. "Niandike nini?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Shilan akipiga pasi ushungi mweusi wa shule, ule mpya, akipima kwa jicho kama mikunjo imenyooka. Alikuwa akiimba chini kwa chini.

"Andika fundi redio, bwana."

"Fundi redio." Ilisikika kalamu ikikwaruza. "Haya. Hati utaikuta kesho asubuhi kituoni, mpongeze mwalimu. Sasa nisikilize. Ndugu yangu naye anataka dishi, na shemeji yangu. Jumatatu asubuhi tunapita uchochoro wa Chemchemi, paa kwa paa. Jumanne uje uchague vya kulingana. Jicho lile la mdomo mpana, nadhani kule liko jingine?"

Kiyumars alikuwa anaona kifuniko kipya cha mtindi, alichokifunga kwa mkono wake, juu ya paa la Bi Tuba.

"Mhandisi?"

"Nakusikia, bwana."

"Na siku hiyo nikikuta paa moja la Chemchemi ni tupu, nitajua nani amesema. Hati inatolewa, hati inarudishwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Mungu akubariki," kapteni akasema, na simu ikakatika.

Shilan alitokeza mlangoni, pasi bado mkononi, uso umejaa wasiwasi wa siku zote tano ambazo baba yake hakula. "Nani huyo, Baba?"

"Mteja," Kiyumars alisema. Akaenda kwenye gunia la mchele, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakitafuta kile kichupa, na alipokipata akakitia kwenye ndoo ya taka; kazi ya Jumanne hakutaka iwe na alama yake.